Barua Namba Tatu

Dodoma, Bomani
2 Septemba 1912
Na. 1

Mdogo wangu Elieza,

Pokea salamu zangu na za wote nyumbani. Mama mdogo Lydia, mama yako, hajambo, juzi alikuwa juu ya tembe anakandika paa kabla mvua haijaanza. Mama yangu goti linamsumbua, lakini mdomo wake mzima. Baba mdogo Marko, baba yako, ng'ombe wake wawili wamezaa siku moja, na anawaambia watu kwamba ni kwa sababu mwanawe anasoma ualimu. Tumecheka sana.

Mimi sijambo. Kazi ya ukarani ni nzuri. Kalamu nzuri, meza ina droo, na wino tunao wa rangi mbili. Bwana Shauri, mkuu wetu Mdachi hapa bomani, hajanigombeza tangu mwezi uliopita. Mambo mengine ya ofisini hayaandikiki.

Utaona hapo juu nimeweka namba. Ndiyo desturi ya ofisi: kila barua inayotoka mkononi mwangu ina namba yake na mstari mwekundu chini ya namba, na tangu mwezi huu nimeanza kufanya hivyo hata kwa barua zangu mwenyewe. Tarishi wa misheni ni mzee wa kusahau. Ukiona namba imeruka, ujue moja imepotea njiani.

Sasa nakuuliza. Miezi miwili hujaandika. Katekista aliyepita hapa alisema umekonda na husemi na watu. Je, wamekupa kitanda cha tatu toka mlangoni? Nililala hapo miaka miwili. Kama ni kitanda, waambie wakubadilishe. Kama ni jambo jingine, niambie mimi kabla ya mtu yeyote. Nilipita njia hiyo kabla yako, nayajua mashimo yake.

Nduguyo,
Sila

*

Shule ya Walimu, Mlimani
20 Septemba 1912

Kaka Sila,

Shikamoo. Barua yako imefika, namba moja, haikupotea. Nisalimie mama mkubwa na umwambie goti alikande kwa chumvi ya moto. Ng'ombe wa baba nimewasikia hata huku, kwa sababu katekista aliitangaza habari hiyo kanisani.

Kitanda ni hicho hicho cha tatu, lakini kosa si lake.

Kaka, ulimi wangu umekufa. Unajua mwaka wa pili kila mmoja wetu husimama kufundisha watoto wa kijijini, na wenzake wamekaa nyuma wanamtazama. Nilisimama mara ya kwanza, neno halikutoka. Mara ya pili hivyo hivyo. Watoto wakaanza kucheka, na Yoramu, jirani yangu wa kitanda, akacheka kuwazidi. Tangu siku hiyo ninaamka alfajiri moyo unapiga kama mtu anatwanga. Chakula hakipiti. Nilidhani nitatoroka.

Lakini usiogope. Mkuu wa shule ameweka utaratibu mpya mwaka huu. Mwanafunzi anayelemewa haadhibiwi, wala harudishwi kwao. Anapelekwa ghalani kila Alhamisi mchana kwa mtunza ghala, Mwalimu Bartolomayo. Kuna vigoda viwili na debe la karanga za mbegu. Unakaa mbele yake, mnamenya. Ukitaka kusema, unasema. Usipotaka, karanga zinamenywa. Haandiki kitu, na anachosikia hakitoki mlangoni, hata Mkuu haulizi. Sisi tunaokwenda tuko saba, na hakuna anayemcheka mwenzake.

Siku ya kwanza nilikuwa natupa karanga mdomoni bila kujua. Kwa kuwa kabila lake ni watani wetu, akaniambia, "Nyie Wagogo! Mnakuja kulia huku mnakula mbegu? Basi huzuni yako bado haijafika tumboni." Nilicheka, kaka. Sikuwa nimecheka tangu Julai.

Mdogo wako,
Elieza

*

Dodoma
1 Oktoba 1912
Na. 2

Mdogo wangu Elieza,

Nimepokea yako. Mama yako hajambo, mama yangu amekanda goti kwa chumvi na sasa analalamika chumvi imepotea bure. Baba Marko anatengeneza majembe. Huku upepo mwingi, vumbi linaingia mpaka ndani ya kidau cha wino.

Nimesoma habari ya ghala mara tatu. Naona shule imekuwa na huruma. Ni jambo zuri, nami nafurahi kwa ajili yako.

Ila niseme ukweli. Mimi pia nilikuwa na mwaka wa pili. Herufi zilikuwa zinatembea kwenye ukurasa kama siafu, na kabla ya kila mtihani nilikwenda nyuma ya lile ghala kutapika ili mtu asinione. Nilipomwambia mwalimu wa zamu, nilipewa kwinini na kuambiwa nisali. Nikanywa, nikasali, kisha nikafunga mzigo wangu. Nyumbani mnajua kwamba serikali ilinichagua. Haikunichagua. Niliondoka mwenyewe, nikaja kuomba kazi. Wewe ni mtu wa kwanza kuambiwa hivyo.

Kwa hiyo mimi nilipewa dawa chungu, na wewe umepewa mtu.

Huyo Bartolomayo ni yupi? Wakati wangu alikuwepo Bartolomayo mmoja, aliyekuwa mwalimu, kisha akanyamaza ghafla na asiseme na mtu mwaka mzima. Alikuwa anafagia uwanja. Tulikuwa tunamtupia maganda ya karanga tuone kama atapiga kelele, na hakupiga. Nadhani si yeye.

Na unamwambia nini hasa? Sikuulizi kwa udadisi. Nauliza kwa sababu mimi ni ndugu yako wa tumbo la mama mkubwa, tulikula bakuli moja, na yeye ni mtu baki. Nililokueleza hapo juu sijamweleza hata mama. Sasa na wewe nieleze.

Sila

*

Shule ya Walimu, Mlimani
25 Oktoba 1912

Kaka Sila,

Shikamoo. Huku tumepata wingu moja, likapita. Nisalimie wote, na baba umwambie asipande mapema kama mwaka jana.

Ni yeye. Bartolomayo ni huyo huyo wa fagio. Mkuu mpya alipokuja hakumfukuza, alimpa ufunguo wa ghala akamwacha. Siku moja mwanafunzi alijificha humo analia, na yeye akafungua mdomo, neno la kwanza baada ya miaka kadhaa. Alisema, "Sogea, unakalia mbegu." Ndivyo utaratibu huu ulivyoanza.

Nilimuuliza kama anakukumbuka. Akasema anakukumbuka.

Kaka, nimefundisha! Jumanne, somo la kuhesabu, nusu saa nzima. Ulimi ulikuwa mzito mwanzoni, nikafanya kama alivyonifundisha: nikaweka ganda la karanga mfukoni, nikalibonyeza, nikamtazama mtoto mmoja tu badala ya wote. Likaja neno, likafuata la pili. Yoramu hakucheka. Baadaye aliniuliza kwa sauti ndogo Alhamisi ni saa ngapi.

Umeuliza ninamwambia nini. Nimekaa na swali lako siku nyingi. Sitakuambia, kaka, na usikasirike. Nikiyaandika yatakuwa kitu kingine. Nikikuambia wewe, utaumia kwa ajili yangu, nami nitaanza kukutuliza. Yeye haumii. Anamenya. Na yale uliyoniandikia kuhusu kuondoka kwako nimeyatunza, sikumwambia hata yeye. Ila natamani ungemwambia mwenyewe. Anasikiliza kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua.

Elieza

*

Dodoma
18 Novemba 1912
Na. 4

Mdogo wangu mpendwa sana,

Nakusalimu kwa moyo mweupe. Hapa wote wazima kabisa. Mvua za kwanza zimenyesha, baba Marko anapanda uwele kila siku toka asubuhi mpaka jioni, kama kijana. Mama mdogo anakutumia maneno mengi ambayo hayaenei kwenye karatasi. Gari moshi la jana lilileta chumvi, basi mama yangu amenyamaza.

Nimefurahi mno kwa somo lako la kuhesabu. Nilijua utaweza. Sikuzote nilisema Elieza ataweza.

Kuhusu ghala, sina neno. Kila mtu na njia yake. Ila dunia hubadilika, na wakubwa hubadilisha taratibu zao bila kutuuliza. Kwa hiyo usimtegemee mtu mmoja kupita kiasi. Likitokea lolote, usijione umeachwa. Mimi nipo, siku zote nipo, na nina muda wa kusoma barua ndefu.

Niandikie upesi. Niandikie yote.

Nduguyo akupendaye,
Sila

*

Shule ya Walimu, Mlimani
15 Desemba 1912

Kaka Sila,

Salamu kwa wote nyumbani. Nakuandikia mara moja tu, kisha sijui nitakuandikia tena lini.

Ghala limefungwa. Mkuu alipokea barua isiyo na jina. Alituita sisi saba ofisini kwake, akatusomea, ili tuseme kama kuna ukweli. Iliandikwa hivi, nimeishika kichwani: "Ni vema ujue kwamba mtunza ghala wako alikuwa mwendawazimu, na vijana wako wanampelekea siri za nyumba zao. Wazazi wameanza kunong'ona. Mmoja wao, Elieza wa Marko, amekuwa hasemi tena na ndugu zake. Mpenda Shule."

Mkuu alikuwa na huzuni kuliko hasira. Alisema hawezi kuacha wazazi waondoe watoto wao. Bartolomayo ameondolewa, ametumwa huko huko Dodoma, kulinda matofali na mbao za nyumba mpya ya misheni. Vigoda vimewekwa juu ya dari.

Kisha Mkuu aliiweka ile barua mezani, nami nilikuwa nimesimama karibu. Mwandiko ulikuwa umepindishwa upande wa kushoto, kama mtu anayejificha. Lakini pembeni juu kulikuwa na namba tatu, na chini yake mstari mwekundu, umenyooka kwa rula.

Nilirudi bwenini nikatoa barua zako chini ya godoro. Namba moja. Namba mbili. Namba nne. Ulisema ikiruka nijue imepotea njiani. Haikupotea, kaka. Mkono wako uliizoea desturi ya ofisi, ukasahau kwamba umejificha.

Sikumwambia Mkuu. Sijui kwa nini. Jumanne nilisimama kufundisha, na ulimi umekufa tena.

Ulitaka nisiwe na mtu mwingine. Sasa sina. Wewe ndiye uliye naye, yuko umbali wa kutembea kutoka mezani kwako. Mpe maganda, umezoea.

Na jambo jingine. Baba hutuma salamu kila mara. Safari hii tarishi amekuja na salamu za mama tu. Baba ana nini?

Elieza

*

Dodoma
20 Januari 1913
Na. 5

Elieza,

Wakusalimu wote. Safari hii sitakuambia kwamba wote wazima.

Ni mimi. Niliandika namba tatu tarehe sita Novemba, saa ya chakula, wenzangu walipokuwa nje, kwa karatasi yangu na wino wa serikali. Nilijiambia ninakulinda. Nilijiambia hivyo mpaka nilipoifunga. Ukweli ni kwamba nilipokuwa nasoma sentensi yako, "anasikiliza kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua", nilihisi kama mtu ameingia nyumbani kwetu akakalia kigoda changu. Nilikuonea wivu wewe kwa sababu umempata, na nilimwonea wivu yeye kwa sababu amekupata. Sikujua upi ni mkubwa.

Nilikaa wiki tatu bila kwenda kumwona. Jumamosi iliyopita nilikwenda. Alikuwa amekaa juu ya rundo la mbao, ananyoosha misumari iliyopinda kwa nyundo juu ya jiwe. Nilipiga hodi na mahali penyewe hapana mlango.

"Umechelewa," akasema.

"Unanijua, mwalimu?"

"Naijua miguu. Ilikuwa inapita nyuma ya ghala langu kabla ya kila mtihani. Nilikuwa sisemi, lakini macho yalikuwa yanafanya kazi."

Nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa ya adabu, "Kama uliniona, mbona hukuniita?"

"Ningekuita kwa mdomo upi? Nilikuwekea maji."

Elieza, kulikuwa na kibuyu. Kila mara nilipokwenda kutapika nyuma ya ghala, palikuwa na kibuyu cha maji safi penye ukuta. Nilisukutua mdomo, nikaosha uso, nikarudi darasani. Mwaka mzima. Nilidhani ni maji ya kuku.

Nililia mbele yake. Akasema, "Haya, Mgogo, punguza, hapa hapana mtama wa kumwagilia." Kisha akanipa nyundo na misumari. Karanga hakuna huku.

Nilimwambia ile barua ni yangu. Akasema, "Najua. Mkuu alinionyesha. Mwenye wazimu hapigi mstari mzuri namna ile. Nikasema moyoni, huyu ni karani, na anaogopa."

Basi nikamwambia na lile lisiloandikika, na sasa naliandika. Kazi yangu hapa si kalamu peke yake. Siku za viboko, karani ndiye anayesimama barazani na kusoma majina. Mtu husikia jina lake kwa sauti yangu kabla hajasikia kiboko. Nimefanya hivyo tangu nianze kazi. Kila ninaposoma, herufi zinatembea kama zamani.

Tarehe tatu Desemba jina la nne lilikuwa Marko, baba yako. Hakwenda kazi ya lazima ya barabara siku tatu kwa sababu ardhi ilikuwa na unyevu naye alikuwa anapanda. Nililiona jina tangu asubuhi. Ningeweza kumwomba Bwana Shauri, ningeweza kusema naumwa. Nilisoma. Nilisoma vizuri, bila kukwama, kwa sauti ya kusikika. Baba Marko aliniinulia macho, kisha akaenda akalala chini bila kushikwa. Mgongo wake unapona, lakini bado analala kifudifudi. Amewakataza wote wasikuambie, usije ukaacha masomo. Salamu hakutuma kwa sababu angelazimika kuzituma kupitia mkono wangu.

Wewe ulimi ulikufa ulipotakiwa kusema jambo jema. Wangu ulikuwa hai siku ile.

Nilimuuliza Bartolomayo nifanye nini. Aligeuza msumari, akautazama. "Hilo si langu," akasema. "Mgongo ule si wangu." Nimejaribu kwenda kwa baba Marko mara mbili. Nikifika kwenye zizi, narudi.

Lakini jingine nimelifanya. Leo, kabla sijamaliza hii, nimeandika Na. 6 kwa Mkuu wa shule, kwa mwandiko wangu ulionyooka, na jina langu lote chini. Nimemwambia namba tatu ni yangu, kwamba hakuna mzazi aliyenong'ona, kwamba niliandika kwa wivu, na kwamba mimi ni yule mwanafunzi aliyeondoka bila kuaga, ambaye angebaki kama ghala lingekuwa wazi. Nimemwomba amrudishe Bartolomayo. Akitaka kumwandikia Bwana Shauri juu yangu, na amwandikie. Barua imekwisha kuondoka.

Nilikuwa naye Jumamosi moja. Ningependa kuwa naye nyingine nyingi. Mchukue.

Sila

*

Shule ya Walimu, Mlimani
27 Februari 1913

Kaka Sila,

Namba tano imefika. Namba sita imefika pia, na Mkuu aliwaita walimu wote akawasomea. Hakumwandikia Bwana Shauri. Alisema aliyeandika ameshajiandikia mwenyewe.

Bartolomayo alirudi Jumatatu ya wiki iliyopita kwa miguu, na misumari iliyonyooka mfuko mzima, zawadi kwa ghala. Tumeshusha vigoda. Sasa tuko kumi na mmoja, na Yoramu ndiye anayefika wa kwanza. Jana nimefundisha robo saa.

Baba nimemwandikia. Nimemwambia najua, na kwamba siachi masomo.

Wewe nilishindwa kukuandikia. Alhamisi nilimenya debe zima bila neno. Nilipomaliza nilikusanya maganda nikayafunga kwenye kitambaa, nikataka kukutumia hayo tu, bila barua, uelewe mwenyewe. Bartolomayo alinitazama nikifunga fundo. Akasema, "Unamtumia zilizokwisha? Yeye bado hajamenya." Akavuta gunia dogo la karanga kutoka kona akaniwekea magotini.

Ndilo hilo analokuletea tarishi. Si mbegu tena, msimu wa kupanda umepita, kwa hiyo zinalika. Usizifungulie ofisini. Zipeleke kwa baba. Ukifika kwenye zizi usirudi, kwa sababu nimemwandikia kwamba utakuja, na mama atakuwa ameweka vigoda viwili mbele ya tembe. Kaa mahali ambapo atauona uso wako. Hutakuwa na orodha mkononi, na hakuna jina la kusoma.

Sijui kama atakujibu. Sijui kama mimi nimekusamehe. Menyeni kwanza.

Elieza